Kahawa iliyovuka usiku: Elgon, Chepkube na ladha iliyopotea njiani

Wandugu, leo tuweke kando kidogo mambo ya fomu na mgao. Nataka tuongee kahawa.

Ukiwa Busia, Malaba au Tororo mjini, ukasikia mtu anasifu kahawa ya Elgon, muulize swali moja tu: ya upande gani? Mlima ni uleule. Udongo ni uleule wa volkano, mwekundu, unaoshika maji. Mvua nayo haina kitambulisho, inanyesha Mbale na inanyesha Bungoma. Lakini weka vikombe viwili mezani, kimoja cha kahawa iliyolimwa Uganda na kingine cha ile iliyolimwa Kenya, na hata mtu asiyejua mambo ya kahawa ataona si kitu kimoja. Ya Kenya kwa kawaida ina ule uchachu wa kama tunda, safi, unaamsha ulimi. Ya Uganda ni nzito zaidi mdomoni, ina utamu wa kama sukari guru, na mara nyingine ina harufu kidogo ya udongo.

Watu wengi watakwambia ni mbegu. Sikatai, mbegu inachangia. Kenya inajulikana kwa SL28 na SL34, aina zilizochaguliwa Scott Laboratories karibu na Nairobi miaka ya 1930. Bugisu kuna aina ya zamani inayoitwa Nyasaland, na kuna SL14. Lakini SL28 ipo Uganda pia, na bado kikombe kinatofautiana. Sehemu kubwa ya ladha inatengenezwa baada ya tunda kuchumwa, katika zile siku kumi na kitu ambapo kahawa inamenywa, inachacha, inaoshwa na kuanikwa. Na ni hapo hapo ndipo historia ya mpaka huu iliingilia.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana wengi tunakunywa tu bila kujua.

Tunda la kahawa likiiva linakuwa jekundu. Ndani kuna punje mbili zimelaliana, zimefunikwa na ute mtamu unaoteleza, halafu ngozi ngumu nyembamba. Kuna njia mbili kubwa za kufikia punje. Ya kwanza ni kuanika tunda zima juani, na ganda lake, wiki mbili, tatu, hata nne, mpaka likauke na kulia ukilitikisa. Halafu unakoboa. Punje inakaa muda wote huo ndani ya tunda linalochacha polepole, kwa hiyo kahawa inakuwa nzito, ina utamu wa matunda yaliyoiva sana. Wale mliokunywa kahawa ya Harar kwa majirani zetu Waethiopia mnajua ninachosema. Ikifanywa vibaya lakini, ikirundikwa au ikinyeshewa, inaoza, na hakuna sukari itakayoificha.

Njia ya pili ni ya maji. Tunda linamenywa siku ileile lilipochumwa. Punje zenye ute zinawekwa kwenye tangi au ndoo, zinachacha kama saa 12 hadi 36 kulingana na baridi ya mahali, mpaka ule ute uachie. Mkulima anajua kwa mkono: ukizisugua na zikakwaruza kama kokoto, zimefika. Unaziosha kwa maji safi, unazianika kwenye chanja zilizoinuliwa, unazigeuza kila mara na kuzifunika mchana jua likiwa kali, mpaka unyevu ubaki kama asilimia 11 au 12. Ukiwahi kuosha, ute unabaki na kuleta shida kwenye kukausha. Ukichelewa, kahawa inakuwa na harufu ya kitunguu au siki. Punje chache zilizooza ndani ya tangi zinaweza kuharibu gunia zima. Ni kazi ya kuangalia saa na kuwa na maji karibu. Na inataka utulivu.

Upande wa Kenya, mkulima mdogo wa Bungoma au Kimilili hupeleka matunda mabichi kwenye kiwanda cha ushirika kilicho kando ya mto. Mashine ni moja, matangi ni ya simenti, kuna mtu wa kuchambua matunda mabovu, na chanja zimepangwa mstari. Tunda lililokataliwa au lililokaukia mtini linaanikwa peke yake na kuitwa mbuni, na linauzwa kwa bei ya chini. Inachekesha kidogo, kwa sababu kwa Kiswahili mbuni ni mti wenyewe wa kahawa, lakini katika biashara ya Kenya jina hilo limeshuka cheo.

Upande wa Uganda, tangu zamani kazi hiyo imefanyika nyumbani. Mama ana mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, mara nyingine ni ya majirani watano, ana ndoo, na ana kijito. Anamenya usiku, anachachusha kwenye ndoo, anaosha, anaanika kwenye turubai au, asipokuwa na turubai, chini kwenye ua. Kila nyumba ina saa yake na maji yake. Halafu kahawa zote hizo zinakutana kwenye gunia moja. Kahawa hii iliyooshwa ilipewa jina la biashara Wugar, yaani arabika ya Uganda iliyooshwa, na ile iliyokaushwa na ganda lake ikaitwa Drugar. Robusta ya mabondeni, ya Busoga na Buganda, ikianikwa na ganda huitwa kiboko. Majina matatu, mbuni, Drugar na kiboko, na yote yanasema jambo moja: tunda lilikaushwa zima.

Robusta ndiyo yenye asili ya Uganda, na watu waliijua kabla ya mzungu yeyote kufika. Waganda walichemsha matunda yake pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha na kuyatafuna. Mgeni alipewa kahawa ya kutafuna, na watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja. Arabika ya mlimani ni mgeni. Bugisu ilipandwa katika miaka ya 1910, chini ya ukoloni, na ikashika sana kwa sababu mlima uliipenda. Bugisu Cooperative Union iliandikishwa 1954, wakulima wakiwa wamechoka kupangiwa bei na watu wengine. Pesa za kahawa zilijenga nyumba za mabati, zikalipa karo, na zikagharamia imbalu, tohara ya Wagisu inayofanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili.

Na mpaka je? Mpaka huu nao ni mgeni. Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902, Uganda ya Waingereza ilifika mashariki hadi karibu na Naivasha. Siku hiyo Mkoa wa Mashariki ukahamishiwa upande ambao leo ni Kenya, na mstari ukaja kupita kati ya ndugu. Wasamia wapo huku na huko. Wateso wapo Tororo na wapo Busia ya Kenya. Wagisu na Wabukusu wanaelewana lugha. Kwa hiyo mtu wa huku akisema anakwenda kwa shangazi ng'ambo, mara nyingi ni kweli anakwenda kwa shangazi.

Sasa tufike miaka ya 1970.

Idi Amin alichukua serikali Januari 1971. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, maduka yakabaki na watu wasiojua kuagiza bidhaa, na vitu vikaanza kukosekana: sabuni, chumvi, sukari, blanketi. Kahawa yote ilitakiwa kuuzwa kwa Coffee Marketing Board, bodi ya serikali. Bodi iliweka bei ya chini, na hata hiyo ya chini mkulima aliingoja, mara nyingine akipewa karatasi badala ya pesa. Na ukipewa hizo shilingi, ukifika dukani hakuna kitu cha kununua. Nyinyi mnaopokea pesa za mgao na kukuta bei ya unga imepanda wiki ileile, mnaelewa vizuri.

Halafu Julai 1975 baridi kali ya barafu iliua mamilioni ya mibuni Brazil. Dunia nzima ikaingiwa na hofu ya kukosa kahawa. Bei New York, iliyokuwa chini ya dola 1 kwa ratili, ikapanda na kupanda, na kufikia 1977 ikapita dola 3. Fikiria sasa mkulima wa Bugisu amekaa na magunia mawili. Upande mmoja, bodi inayolipa kwa karatasi. Upande wa pili, kutembea usiku mmoja, kuna mnunuzi anayetoa shilingi za Kenya taslimu, na pembeni yake kuna duka lenye sabuni.

Hapo ndipo jina la Chepkube lilipotokea. Kilikuwa kisoko tu upande wa Kenya, miguuni mwa Elgon, kwa upande wa Bungoma. Kati ya 1976 na 1978 kikageuka mji wa pesa. Watu walishuka na kahawa kichwani, mgongoni, juu ya punda, wakapita vijia vya msituni na kuvuka mto Lwakhakha. Walirudi na chumvi, mafuta, nguo, redio. Wazee wa Bungoma mpaka leo wakisema "wakati wa Chepkube" wanamaanisha kipindi kizima, kama vile sisi tunavyosema "wakati wa vita". Wapo waliojenga nyumba za ghorofa kwa miezi michache. Wapo pia walionunua magari na kuyaacha barabarani yalipokwisha mafuta, lakini hizo ni hadithi za kilabu, kila mzee ana ya kwake.

Huku chini, Busia na Malaba, kazi ilikuwa ya baiskeli. Kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya kuna kipande cha ardhi ambacho si cha yeyote, na magari ya abiria hayakuruhusiwa kukivuka bila makaratasi. Vijana wa baiskeli wakawa wanaita abiria: border, border! Jina boda boda lilizaliwa hapa, sio Kampala, na mtu wa Kampala akibisha mlete Busia. Baiskeli hizo zilibeba watu mchana, na usiku zilibeba magunia. Ziwani, mitumbwi ilitoka Majanji upande wa Uganda ikaelekea Sio Port na Port Victoria, samaki juu, kahawa chini.

Haikuwa mchezo. Mwaka 1975 Amin alitoa amri ya kuunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, na adhabu ya magendo ingeweza kuwa kifo. Wanajeshi waliwekwa njiani na ziwani. Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa mtu wa Amin, aliongoza kikosi cha kupambana na magendo. Watu walipigwa risasi kwa ajili ya gunia. Wengine walikuwa wanajeshi haohao wanaobeba kahawa ya wakubwa wao, kwa hiyo aliyekufa mara nyingi ni mdogo. Na Februari 1976 Amin alikuwa akitangaza kwamba sehemu za magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda kihistoria, huku kahawa ya Uganda ikihamia Kenya kila usiku kwa miguu yake.

Sasa rudi kwenye ndoo na turubai. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Kahawa ya maji inahitaji mtu akae nayo. Inahitaji saa za kuchacha zihesabiwe, na siku za kutosha juani, kwenye ua, ikionekana. Lakini kahawa inayoonekana uani mwaka 1977 ni ushahidi. Mtu anayeogopa kukaguliwa haaniki vizuri. Ataificha chini ya kitanda ikiwa na unyevu, au ataifungasha kabla haijafika ile asilimia 12, kwa sababu usiku wa leo hakuna mbalamwezi na njia ni salama. Kahawa yenye unyevu ikikaa kwenye gunia lililofungwa inashika ukungu. Ikipita mtoni inalowa tena. Ikilala kwenye mtumbwi inanusa samaki, maana kahawa hunyonya harufu kama mkate. Na mnunuzi anayenunua gizani haulizi ilichachushwa saa ngapi, anapima uzito. Mwenye kujali na asiyejali wanapata bei moja. Bodi ya serikali nayo haikumlipa mkulima zaidi kwa kuosha vizuri. Basi kwa njia ya halali na ya magendo, yule mama aliyejua kusugua punje mpaka zikwaruze kama kokoto hakuwa na sababu ya kupoteza usingizi.

Ikishavuka, jina linabaki ng'ambo. Kahawa ya Bugisu iliyofika vizuri, ile iliyokaushwa na mtu mwenye bahati na ua uliofichika, ilichanganywa na kuendelea na safari kama ya Kenya. Sifa ikaenda Kenya. Ile iliyobaki kwenye njia rasmi ya Uganda, iliyocheleweshwa maghalani na kwenye mabehewa, ndiyo iliyobeba jina la Uganda mbele ya wanunuzi wa dunia. Kahawa ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nje ya nchi mwishoni mwa miaka hiyo, na mzigo wote huo ukatajwa kwa jina baya. Kwa hiyo mtu akisema kahawa ya Uganda ina ladha ya udongo "kwa asili", mimi nabisha. Ladha ya udongo inatoka kwenye udongo ulioanikiwa kahawa, na kahawa inaanikwa chini mahali ambapo pesa ya turubai haikufika.

Nabisha pia kwa sababu nimeona hili kwetu. Mimi ni mtoto wa Kivu. Wakulima wetu wa kando ya ziwa walikuwa na arabika nzuri sana, na wakati wa vita na baada yake hawakuwa na barabara wala mnunuzi wa halali. Waliipakia kwenye mitumbwi usiku na kuvuka Ziwa Kivu kwenda Rwanda, wakabadilishana kwa chumvi na sabuni. Wengi walizama. Kahawa iliyofika ilibadilishwa jina. Kaskazini zaidi, ya Beni na Ituri ilivuka kwenda Uganda, na hapo Uganda, iliyokuwa ikilia kuhusu Chepkube, ikawa yenyewe ndiyo ng'ambo.

Njia hizihizi zilipitisha watu pia, na kwa pande zote. Enzi za Amin, walimu, madaktari na wanafunzi wa Uganda walivuka Busia na Malaba kwenda Kenya, wengi wakafundisha shule za huko. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kugeuka damu, ilikuwa zamu ya Wakenya kukimbilia Uganda kwa njia ileile. Walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Wale wa Kiryandongo mnaosoma hapa mna majirani waliotoka huko.

Magendo makubwa ya kahawa yalipungua bei ya dunia iliposhuka na Amin alipoondoka 1979, ila hayakufa mara moja. Kilichoyavunja nguvu zaidi ni soko kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, bodi ikapoteza haki ya kununua peke yake. Mkulima akaanza kulipwa pesa mkononi. Lakini wanunuzi wakawa wengi kiasi kwamba walinunua hata kahawa yenye maji, ili mwenzake asiwahi. Hofu iliondoka, haraka ikabaki.

Mabadiliko ya ladha yalikuja polepole, kuanzia miaka ya 2000, vituo vya kuoshea vilipojengwa Sipi huko Kapchorwa na baadaye sehemu nyingine za mlima. Mkulima analeta tunda jekundu bichi, analipwa zaidi kuliko la kuchanganya, na kituo kinaosha na kuanika kwenye chanja. Kahawa ya Sipi leo inauzwa nje kwa jina lake. Wengine wamerudia kwa makusudi ile njia ya kuanika tunda zima, safari hii juu ya chanja na bila haraka, na wanunuzi wa Ulaya wanalipa zaidi kwa utamu ule. Yaani kitu kilekile kilichoitwa Drugar na kudharauliwa, kikipewa nafasi na muda, kimekuwa cha bei.

Hapa niseme neno kwa wandugu wa mashirika, kwa heshima. Mnakuja na semina za ubora, mna picha za tunda jekundu na tunda la kijani, na mnamfundisha mama wa miaka sitini achume jekundu tu. Anajua. Amejua tangu akiwa msichana. Anachuma la kijani kwa sababu likikaa mtini wiki moja zaidi litaibiwa, au karo inadaiwa Jumatatu. Turubai na bei inayotofautisha vingefanya zaidi ya picha.

Rekodi ya bei ya arabika ya 1977 ilidumu muda mrefu sana. Ilivunjwa Desemba 2024, na Februari 2025 ratili moja ilipita dola 4. Siku hizi kahawa inapita Malaba mchana kwenye makontena yenye lakiri, kuelekea Mombasa, na madereva wanalala foleni wakingoja karatasi. Tororo sokoni kuna mama anayeuza kahawa ya kupima kwa kikombe. Kabla hajanunua kutoka kwa mtu wa mlimani anachukua punje moja na kuiuma. Meno yakiacha alama, anarudisha gunia: "Peleka juani kwanza, mwanangu, hakuna anayekufukuza."